Binti wa Hasamba Akipata Mimba, Kanisa na Msikiti Vifanye Nini?

Mwaka 2022 utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi uliuweka Mkoa wa Songwe mahali ambapo hakuna mkoa unaopenda kuwekwa. Kati ya wasichana wa umri wa miaka 15 hadi 19 mkoani humo, asilimia 45 walikuwa wamewahi kupata mimba: wengine wameshazaa, wengine ni wajawazito, wengine mimba ziliharibika. Wastani wa Tanzania ni asilimia 22. Ruvuma inafuata kwa 37, Katavi kwa 34. Songwe ni mkoa mchanga, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na kwa jambo hili umeiacha mikoa mingine yote nyuma.

Sababu zinajulikana na zimetajwa katika kila kikao. Kuna mpaka wa Tunduma na foleni za malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, madereva wakilala njiani siku kadhaa wakiwa na fedha mfukoni. Kuna msimu wa kahawa, ambapo vijana wa kiume wa Wilaya ya Mbozi hushika hela kwa mkupuo. Kuna shule zilizo mbali na nyumbani, na wanafunzi wa kutwa waliopangishiwa chumba, wanaojipikia wenyewe wakiwa na miaka 14. Kuna mahari. Binafsi naona hilo la malori linasemwa sana kwa sababu linamtwika lawama mgeni. Dereva wa lori hawezi kuwa baba wa kila mtoto wa Hasamba. Wengi wa waliowapa hawa mabinti mimba ni watu wa hapa hapa: bodaboda, mwenye duka, mkubwa wao shuleni, jirani, na mara nyingine ni mwanakwaya.

Hapo ndipo makanisa na misikiti inapoingia. Hasamba ni kata ya Wilaya ya Mbozi, na Mbozi ni nchi ya dini tangu zamani. Wamoravian walijenga misheni yao huku mwishoni mwa karne ya 19, na Hospitali ya Misheni Mbozi ni tunda la kazi hiyo. Leo wapo Wakatoliki, Walutheri, Wasabato, Wapentekoste wa kila aina, na Waislamu. Serikali ya kijiji ikiitisha mkutano, watu wanakuja wachache na wamechelewa. Mchungaji akiitisha ibada, wanakuja na watoto wao, wamevaa vizuri, kila wiki.

Swali la kwanza ni la nidhamu. Makanisa mengi yana utaratibu wa kumtenga mshirika aliyeanguka: hashiriki Meza ya Bwana, haimbi kwaya, anakaa nyuma mpaka atubu na kurudishwa kundini. Sina ugomvi na toba. Ugomvi wangu ni kwamba mimba inaonekana kwa mmoja tu. Binti wa miaka 16 anasimamishwa mbele ya watu waliomlea tangu ubatizo, na mwanaume aliyempa mimba yuko safu ya tatu anafungua kitabu cha nyimbo. Matokeo yake yanaonekana zahanati: msichana anaficha tumbo mpaka mwezi wa sita au wa saba, haanzi kliniki, hapimwi damu wala shinikizo, anajifunga kanga kwa nguvu. Wengine wanakimbilia kwa watu wanaotoa mimba vichochoroni. Kwa hiyo baraza la wazee linalotaka kuanza mahali rahisi, lisilohitaji fedha wala mfadhili, lianzie hapa: liandike kwenye muhtasari wa kikao kwamba mtoto aliye chini ya miaka 18 hatengwi hadharani kwa sababu ya mimba, na kwamba jina lake halitajwi kwenye matangazo. Mchungaji au shekhe akiletewa habari na mzazi, ibaki chumbani humo. Mtu mzima aliyehusika, huyo ana kesi nyingine, na si ya wazee wa kanisa.

Maana sheria iko wazi kuliko tunavyopenda kukiri. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kufanya mapenzi na msichana wa chini ya umri huo ambaye si mke wako ni ubakaji, hata kama yeye mwenyewe anasema alikubali. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliongeza kwamba anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30, na anayesaidia ndoa hiyo naye ana kosa. Kipengele hicho cha mwisho kiwasomewe wafungishaji wa ndoa wote, wa ukoo na wa dini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa imeacha mlango wazi, binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani. Mahakama Kuu ikamkubalia mwaka 2016, Serikali ikakata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Mfungishaji ndoa asiseme hakusikia.

Kivitendo, kabla ya kutangaza ndoa Jumapili tatu, omba cheti cha kuzaliwa cha bibi harusi. Hakuna? Fungua daftari la ubatizo. Hili ni jambo ambalo makanisa yanasahau kuwa nalo. Katika wilaya ambako watoto wengi hawakusajiliwa, daftari la parokia mara nyingi ndiyo karatasi pekee iliyoandikwa tarehe ya kuzaliwa ya binti wakati akiwa bado mchanga, kabla mtu yeyote hajawa na sababu ya kudanganya. Familia ikija kusema ameshatimiza 18, daftari linaweza kusema bado. Na kesi ikifika mahakamani, umri ndio unaobishaniwa kwanza. Karatasi hiyo inasaidia.

Halafu kuna ile tabia ya kumalizana nyumbani. Mzee wa ukoo anakuja, mzee wa kanisa anaitwa kama shahidi, ng'ombe wawili wanatajwa au laki kadhaa, binti anapelekwa kwa mwanaume au anabaki na mtoto, na kesi imekwisha. Kiongozi wa dini akikaa kwenye kikao cha namna hiyo ametoa baraka, hata asipofungua mdomo. Anachotakiwa kufanya ni kutoka na kumpeleka binti na mzazi wake Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii, au kupiga 116, namba ya bure ya msaada kwa mtoto. Kama ni ubakaji wa karibuni, anza na hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinafanya kazi ndani ya saa 120, navyo nguvu yake inapungua kila siku inayopita. Asioge, asifue nguo. Fomu ya polisi, PF3, ishughulikiwe bila kumchelewesha mgonjwa. Maombi yatafuata, saa 72 hazisubiri mkesha.

Tuseme sasa mimba ipo tayari, binti yuko kidato cha pili, na wazazi wamemleta kwa mama mchungaji wakilia. Nini kinafuata?

Kwanza kliniki, ndani ya wiki hiyo hiyo. Ni vizuri mjamzito ahudhurie kabla mimba haijafika wiki 12, na kwa msichana ambaye mwili wake bado unakua ni muhimu zaidi, kwa sababu kifafa cha mimba, upungufu wa damu na uchungu pingamizi huwapata zaidi wadogo. Aandamane na mtu. Mama mmoja wa idara ya wanawake, mwenye staha na asiye na mdomo, akiingia naye kliniki, yale maswali ya ukali kutoka dirishani hupungua sana. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema huduma kwa wajawazito katika vituo vya umma ni bure. Kila mwanamke aliyejifungua anajua kwamba huwa bado anaambiwa aje na glavu, nyembe, vibana kitovu, mpira wa kulalia, kanga na beseni. Idara ya wanawake inaweza kuandaa mabegi ya namna hiyo manne au matano na kuyaweka sakristiani. WAWATA wa Kikatoliki, kina mama wa Kimoravian, kina mama wa Kiislamu: wote wanajua kuchanga kwa ajili ya msiba. Hii ni michango midogo kuliko ya msiba.

Pili, shule. Kwa miaka mingi mimba ilikuwa mwisho wa masomo. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilibadili msimamo, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo ukaruhusu mwanafunzi aliyeacha shule, pamoja na aliyejifungua, kurudi ndani ya miaka miwili. Wazazi wengi wa vijijini bado hawajui, au wanajua wakaambiwa na mtu kwamba haiwezekani. Mlezi wa vijana wa kanisa aende na mzazi kwa mwalimu mkuu, ajue tarehe binti alipoacha, aandike tarehe ya mwisho ya kurudi. Asiyetaka kurudi kukaa darasani na wadogo zake ana njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, inayofundisha sekondari kwa utaratibu mbadala. Katika shule za serikali ada hakuna hadi kidato cha sita. Kinachowashinda ni nani atakaa na mtoto kuanzia saa moja hadi saa tisa. Bibi yuko shambani. Nyumba ya dini yenye jiko na chumba cha Shule ya Jumapili kinachokaa kitupu siku sita haihitaji mradi wa wafadhili ili kuwapokea watoto wanne na mama wawili wa zamu.

Tatu, uchungu ukianza usiku. Namba 115 ni ya mfumo wa m-mama, usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Simu ni bure. Anayepokea huuliza hali ya mgonjwa, hutafuta gari la wagonjwa, na likikosekana huita dereva wa jamii aliyesajiliwa ambaye malipo yake hayatoki kwa familia. Mfumo huu ulianzia Sengerema na Shinyanga, na Rais Samia aliuzindua kitaifa mwaka 2022. Mwenye gari katika kila jumuiya ajiandikishe. Na namba hiyo itangazwe kanisani mwishoni mwa ibada, pamoja na dalili za hatari: damu kutoka, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, degedege, homa kali, mtoto kuacha kucheza tumboni. Vifo vitokanavyo na uzazi vimeshuka nchini, kutoka makadirio ya 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022, na waliobaki kufa wengi wao wanafia kwenye kuchelewa: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa. Mawili ya mwanzo yako mikononi mwa jamii.

Na mwanamke akiletwa anatokwa damu, iwe mimba imeharibika yenyewe au imetolewa, apelekwe hospitali saa hiyo. Sheria ya Tanzania inakataza kutoa mimba isipokuwa kuokoa maisha ya mama, lakini kumtibu mwenye tatizo baada ya mimba kuharibika si kosa kwa mtu yeyote. Ni wajibu wa kituo cha afya. Mahubiri yasubiri apone.

Nimechelewesha kwa makusudi lile ambalo viongozi wa dini huliogopa zaidi, uzazi wa mpango. Hakuna anayemwomba padri abadili mafundisho. Kanisa Katoliki tangu waraka wa Papa Paulo wa Sita wa mwaka 1968 linakubali njia za asili tu, na padri ana haki ya kufundisha hivyo. Basi azifundishe kweli kweli, kwa kalenda na shanga za kuhesabia siku, si kwa sentensi moja kwenye semina ya wachumba. Afundishe, kwa mfano, kunyonyesha kama njia: mama akinyonyesha maziwa yake peke yake usiku na mchana, mtoto akiwa hajatimiza miezi sita, na hedhi ikiwa haijarudi, kinga ni ya takriban asilimia 98. Sharti moja likivunjika, njia imekwisha. Wengi wanalijua nusu, na nusu hiyo ndiyo inayozaa watoto wanaofuatana kama ngazi. Kwa Waislamu, aya ya 233 ya Sura ya al-Baqara inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na wataalamu wa afya leo wanashauri mama asubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine. Shekhe anayetaka kuzungumzia kupanga nafasi ya watoto anayo hoja tayari, pamoja na hadithi za masahaba kuhusu azli, yaani kumwaga nje. Makanisa ya Kiprotestanti mengi hayana pingamizi lolote na njia za kisasa. Yana aibu tu. Wachungaji wamekaa kimya, na ukimya wao umechukuliwa kuwa katazo.

Kwamba kuwafundisha viongozi wa dini kunabadili mambo, si matumaini tu. Huko Mwanza watafiti walichukua vijiji 16 vilivyokuwa vikifikiwa na kampeni ya tohara ya wanaume. Katika vijiji nusu, viongozi wa makanisa walipewa semina iliyochanganya tiba, Biblia na mila; vingine vikaendelea na kampeni ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 kwenye jarida la The Lancet: wanaume waliotahiriwa walikuwa karibu asilimia 53 kwenye vijiji vya semina, na karibu asilimia 30 kwenye vingine. Tohara si uzazi wa mpango, najua. Lakini nayo ilikuwa jambo la mwilini, la faragha, lenye utata wa kidini, na watu walikuwa wakingoja kusikia mchungaji wao anasemaje.

Mahali pa kusemea panapofaa kuliko mimbari ni darasa la kipaimara na madrasa. Watoto wa miaka 12 hadi 15 wanakusanyika wenyewe kwa miezi, wasichana na wavulana, na wanafundishwa na mtu wanayemheshimu. Mwalike muuguzi mara mbili katika kozi nzima: mara moja kueleza balehe, hedhi na jinsi mimba inavyotunga, mara nyingine kueleza sheria na namba za msaada. Wavulana wakae. Mvulana anayejua kwamba kulala na binti wa miaka 15 ni kesi anafikiri mara mbili, na yule aliyefundishwa kwamba hedhi si uchafu hamcheki dada yake. Idara ya wanawake inaweza kushona taulo za kufua; binti anayekosa shule siku nne kila mwezi yuko nusu njia ya kuacha.

Mwaka 1994 wanawake 12 Weusi waliokutana Chicago, Marekani, walianzisha wazo la haki ya uzazi ambalo baadaye lilielezwa kwa sehemu tatu: kuwa na haki ya kutozaa, kuwa na haki ya kuzaa, na kulea watoto uliowazaa mahali salama. Mijadala yetu inaishia kwenye ya kwanza. Hiyo ya pili ina wahanga wake Mbozi, wanawake wasiopata watoto, wanaozungushwa kutoka maombezi hadi kwa mganga na mwisho kurudishwa kwao. Kiongozi anayewaombea awaulize kwanza: mume amepimwa? Tatizo huwa la mwanaume, au la wote wawili, katika karibu nusu ya ndoa zenye ugumba, na kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vingi anavyofanyiwa mke. Wapo pia waliopata fistula baada ya uchungu wa siku mbili, wanaovuja mkojo, wameacha kuja ibadani kwa sababu ya harufu. Wazee wa jumuiya wanajua nyumba zao. CCBRT ya Dar es Salaam inatibu fistula bila malipo, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Vwawa inaweza kuwaelekeza. Kumtembelea mmoja na kumpandisha basi ni kazi ya Jumamosi moja.

Kwa atakayeanza, asianze na kongamano. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zipo katika kata na vijiji kwa mujibu wa MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, na viongozi wa dini wana nafasi humo. Mtendaji wa kata aulizwe kama ya Hasamba inakutana na nani anawakilisha dini. Kama kiti kiko wazi, kikaliwe na mama. Kisha kikao kimoja cha saa mbili: mchungaji, padri au katekista, imamu, mganga mfawidhi wa zahanati, mwalimu mkuu wa sekondari, ofisa ustawi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na wasichana wawili waliokwisha zaa na wanaokubali kuzungumza. Hao wawili watambuliwe kuwa wajumbe, walipwe nauli sawa na wengine, na waongee kabla ya wazee. Mwezi wa nne ndio mzuri. Kuanzia mwezi wa sita kahawa imeiva, na hakuna atakayetoka shambani kuja kukaa kikaoni.